Mlinzi Aliyemwaga Siri

Linah Cheptanui alifungiwa nje ya kompyuta yake Jumatano asubuhi kwa sababu ya herufi moja tu, na herufi yenyewe alikuwa ameisomea.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, karani wa kumbukumbu katika Ushirika wa Maziwa wa Milima Mitatu, kando ya barabara ya kutoka Molo kwenda Kuresoi. Kazi yake ilikuwa kuandika kilo za maziwa ya kila mkulima, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mkulima aliyewahi kurudi kulalamika kwamba mtungi wake ulipungukia kitabuni. Kila asubuhi, kabla ya kuketi, aliinamisha kichwa akaomba. Alimwombea kwanza bintiye Jerop, aliyeolewa upande wa Ravine, kisha akawaombea ng'ombe wa wanachama wote, kisha akaiombea kompyuta. Maombi ya kompyuta ndiyo yaliyokuwa marefu zaidi, maana ng'ombe alikuwa anawaelewa.

Zamani vitabu vilitosha. Lakini mwezi uliopita ushirika ulinunua mfumo mpya kutoka kwa kampuni moja ya Nakuru mjini, na mfumo huo uliitwa Mlinzi. Kazi ya Mlinzi ilikuwa kujua nani ni nani: nani anaruhusiwa kufungua mizani, nani maabara, nani stoo, nani orodha ya wanachama. Kila mfanyakazi alitakiwa kuchagua neno la siri, na neno hilo moja lilimfungulia milango yake yote.

Aliyekuja kuwafundisha alikuwa msichana aitwaye Natasha, mwenye miwani mikubwa na subira ndogo. Aliwaketisha wote ofisini akawaambia, "Neno la siri lisiwe jina lako. Lisiwe siku yako ya kuzaliwa. Liwe kitu ambacho ni wewe tu na Mungu wako mnajua. Herufi kumi na mbili kwenda juu, bila nafasi, na namba moja mwishoni."

Pengine watu wengine wangeandika jina la paka. Lakini hawa walikuwa watu wa Milima Mitatu, na walipotajiwa kitu ambacho ni wao tu na Mungu wanajua, kila mmoja alikumbuka lake. Mugure wa stoo alishusha pumzi. Micah, dereva wa lori la maziwa, alitazama dari kwa muda mrefu. Meneja, Bwana Elphas Ogola, alijifuta kipaji cha uso kwa leso. Kisha kila mmoja, zamu yake ilipofika, akasogea mbele ya kompyuta, akaizuia kwa mgongo na kuandika polepole kwa kidole kimoja, kama mtu anayeungama.

Linah naye aliandika. Alikuwa na siri moja tu, na hiyo moja ilikuwa imemtosha.

Miaka kumi na tisa iliyopita, meneja wa wakati huo alimuuliza akiwa amesimama mlangoni, "Umemaliza shule?" Siku hizo Linah alikuwa akifagia shule ya msingi ya jirani, na asubuhi hiyo alikuwa amefagia madarasa yote manane pamoja na ofisi ya mwalimu mkuu. Akajibu, "Ndiyo, nimemaliza." Meneja akaandika kwenye fomu: kidato cha nne. Linah aliiona kalamu ikiandika, na hakuizuia.

Ukweli ni kwamba aliacha shule darasa la sita. Mungu alikuwa amemvumilia, lakini dhamiri yake haikumvumilia. Kwa miaka sita sasa alikuwa akihudhuria masomo ya watu wazima mjini Molo kila jioni, na alikuwa amefika kidato cha tatu. Kazini alikuwa akiaga kwamba anaenda maombi. Hata hilo halikuwa uongo mtupu, kwa sababu aljebra alikuwa akiifanya kwa maombi.

Basi neno lake la siri aliliandika hivi: sijamalisashule3. Hiyo tatu ilikuwa ya kidato.

Kwa wiki tatu Mlinzi alimfungulia bila shida. Kisha Jumanne jioni, darasani Molo, Mwalimu Oduor wa Kiswahili alitumia kipindi kizima kuwafundisha tofauti ya s na z.

"Cheptanui, ulimi wako unapenda s kuliko unavyokupenda wewe," alimwambia. "Z ni nyuki. Hebu nisikie nyuki."

"Sss," akasema Linah.

"Huyo ni nyoka. Nataka nyuki."

Linah alimtafuta nyuki njia nzima kurudi nyumbani, akampata karibu na lango lake, na mbuzi wa jirani wakakimbia. Alishukuru Mungu. Jumatano asubuhi aliketi mbele ya kompyuta akiwa na elimu yake mpya, akaandika: sijamalizashule3.

Mlinzi akakataa. Akaandika tena, z yake imesimama vizuri kabisa. Mlinzi akakataa. Alipoandika mara ya tatu, kioo kikawa chekundu: Umefungiwa kwa dakika kumi. Ukikwama, bonyeza Msaada.

Chini ya maneno hayo palikuwa na kitufe cha kijani. Linah alikuwa amekwama, kwa hiyo akabonyeza.

Ilifunguka ripoti ndefu. Kurasa tatu za kwanza zilikuwa za namba na tarehe, na mtu mwingine yeyote angeifunga hapo. Lakini Mwalimu Oduor alikuwa amewazoesha kusoma karatasi ya mtihani mpaka nukta ya mwisho, kwa hiyo Linah alivaa miwani na kuendelea. Kwenye ukurasa wa nne akakuta hivi:

Ogola, meneja: naogopangombesana1

Jepchumba, maabara: tangukoronasinusi1

Micah, dereva: nilimgongabatamzingawapasta1

Mugure, stoo: nyanyahajafa3

Cheptanui, kumbukumbu: sijamalisashule3

Linah alifumba macho haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu ndani. Lakini macho yalikuwa yameshaona, na akili ikaanza kupanga mambo bila kuambiwa.

Bata mzinga wa pasta alipatikana amekufa barabarani mwezi wa kumi na mbili, na Micah ndiye aliyeongoza maombi ya kumfariji mke wa pasta. Mugure alikuwa ameomba ruhusa ya kumzika nyanya yake mara tatu, na mara zote Linah alimchangia sukari. Jepchumba ndiye aliyekuwa akiinama juu ya kila mtungi asubuhi, akivuta pumzi, akitingisha kichwa na kusema, "Haya yako sawa," na sasa ilikuwa wazi ni kwa nini siku hizi alimwita Linah kila mara na kumwambia, "Hebu nawe nusa, tusaidiane."

Na boss! Boss wa ushirika wa maziwa! Linah alianza kucheka, akikumbuka vile boss alivyokuwa akikagua mashamba ya wanachama akiwa ndani ya pikapu, vioo vimefungwa, akisema goti linamsumbua. Bwana Ogola alizaliwa Nakuru mjini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na ng'ombe aliyemzoea ni yule wa vibanda vya nyama choma vya Kikopey, aliyekwisha kukatwakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni.

Kisha Linah akaacha kucheka, kwa sababu alielewa jambo lenyewe. Alikuwa amefungiwa nje, na bado Mlinzi alikuwa amemwonyesha kila kitu. Hakuulizwa jina. Mgeni yeyote aliyeingia kuuliza choo kiko wapi angeweza kubonyeza kitufe hicho na kumwagiwa maneno ya ofisi nzima. Na mtu mwenye maneno hayo angeweza kuingia kwenye mizani kwa jina la Linah na kuwaandikia watu kilo anazotaka yeye.

Kulikuwa na jambo baya zaidi. Ijumaa, siku mbili tu mbele, ulikuwa mkutano mkuu wa wanachama katika ukumbi wa kanisa. Bwana Ogola alikuwa ameazima projekta na shuka jeupe ili awaonyeshe wakulima mia tatu vile Mlinzi anavyofanya kazi. Wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba, na kilele cha hotuba hiyo kilikuwa kitufe cha Msaada. "Na ukikwama," alikuwa akisema peke yake ofisini, akiinua kidole, "unabonyeza hapa!"

Na katika mkutano huohuo wanachama walikuwa wathibitishe jina la msimamizi mpya wa kumbukumbu za ushirika wote. Jina lililopendekezwa lilikuwa la Linah. Sheria za ushirika zilitaka kidato cha nne.

Dakika kumi zilipoisha, Linah alifanya jambo ambalo baadaye alilitubu. Aliingia kwa s yake ya zamani, akabadilisha neno lake la siri likawa Munguanisaidie7, kisha akabonyeza tena Msaada ili ahakikishe amesafika. Ripoti ikafunguka. Mstari wake sasa ulisema:

Cheptanui, kumbukumbu. La zamani: sijamalisashule3. Jipya: Munguanisaidie7

Kabla ya hapo yalikuwa maungamo. Sasa yalikuwa ushuhuda kamili.

Alienda nyuma ya chumba cha kupozea maziwa, akasimama kati ya mitungi, akaomba. "Bwana, nikimwambia boss ataiona yangu. Nisipomwambia, watu mia tatu wataiona yetu sote. Ningeomba njia ya tatu." Alingoja. Hakusikia njia ya tatu. Alichosikia ni Micah akipiga honi nje ili wampishe lori. Linah akajipangusa mikono kwenye sketi, ingawa haikuwa na maji, akaenda kwa meneja.

Bwana Ogola alikuwa amesimama mbele ya kioo cha dirisha, kidole juu.

"Boss," Linah akasema, "Mlinzi anatoa siri za watu nje."

Kidole kikashuka. "Unasema?"

"Siri za ofisi nzima. Mtu akimuuliza tu, anatoa zote. Hata hamuulizi yeye ni nani."

"Tangu lini?"

"Nafikiri tangu siku ya kwanza."

Kabla Linah hajaongeza neno, Bwana Ogola alikuwa amefungua dirisha. "Kipngetich! Kuja hapa! Sasa hivi!"

Kipngetich ndiye aliyekuwa mlinzi wa getini, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye koti lililomfika kwenye vifundo vya miguu na rungu ambalo hakuwahi kumpiga nalo mtu. Tangu Mlinzi wa kompyuta aletwe, alikuwa na kinyongo. Aliwahi kuuliza mbele ya kamati kama huyo mwenzake amepewa koti. Aliingia akihema, akapiga saluti.

"Kipngetich," Bwana Ogola akasema, "ni kweli umekuwa ukitoa siri za watu?"

"Mimi?" Kipngetich alimtazama Linah, kisha boss. "Nani ameniharibia jina? Boss, mimi sijasema kitu. Hata ile ya Jumanne sijasema."

"Ya Jumanne gani?"

"Ile ya ndama wa Mama Nabalayo. Vile alikuja tu kunusa suruali yako na wewe ukapanda juu ya pikapu." Alilegeza sauti kwa heshima. "Hiyo nimenyamaza nayo, boss. Hata bibi yangu nilimwambia tu ni mzee fulani mnene."

Nje, ng'ombe mmoja wa mbali alilia, na Bwana Ogola akafunga dirisha.

"Boss, si Kipngetich," Linah akasema haraka. "Ni Mlinzi wa kompyuta."

"Ah!" Uso wa Kipngetich uling'aa kama wa mtu aliyeshinda kesi. "Huyo! Si niliwaambia? Mtu hana miguu, hana rungu, hajui hata kubweka, na nyinyi mkampatia funguo zote. Mimi kijitabu changu cha wageni nakilalia."

"Enda getini, Kipngetich."

"Naenda, boss. Na hiyo maneno ya ndama—"

"Getini!"

Linah akamwonyesha meneja kitufe, kisha ripoti, kisha ukurasa wa nne. Bwana Ogola alisoma mstari wa kwanza, akaufunika kwa kiganja. Kiganja chake kilikuwa kikubwa lakini maneno yalikuwa marefu, na "sana1" ikabaki imechungulia pembeni.

"Mama Jerop," akasema bila kumtazama, "umeisoma hii?"

"Nimesoma, boss. Nisamehe. Mwalimu anatuambia tusome mpaka mwisho."

"Mwalimu gani?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kusema ni mwalimu wa Biblia, na Bwana Ogola angeamini, kwa sababu kila mtu alijua Mama Jerop huenda maombi. Ulimi wa Linah ulijaribu kutembea upande huo, lakini akaushika.

"Shuka chini, boss. Mstari wa mwisho."

Alisoma kwa sauti, polepole. "Sijamali... sijamalisa. Umemalisa nini?"

"Sijamaliza," Linah akasema, na nyuki akatoka akiwa mzima. "Shule. Sijamaliza shule."

Akamweleza yote: madarasa manane na ufagio, kalamu ya meneja wa zamani, Molo kila jioni, kidato cha tatu. Hakulia. Alisimama mikono imeshikana mbele kama mtoto wa shule, ingawa mjukuu wake mwenyewe alikuwa shuleni.

Bwana Ogola aliketi. "Barua yako ya usimamizi nimeshaitia sahihi," akasema.

"Najua, boss."

"Mkutano ni keshokutwa."

"Najua."

Akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Sikiliza, Mama Jerop. Wewe unajua yangu. Mimi najua yako. Watu wawili wazima. Si tunaweza kunyamaza tu?"

Linah alifikiri, na haya lazima yasemwe: alifikiri kwa sekunde kadhaa nzuri.

"Tunaweza, boss," akasema. "Lakini hata tukinyamaza sisi, Mlinzi hajanyamaza."

Bwana Ogola alitazama kile kitufe cha kijani, ambacho siku mbili zijazo angekibonyeza mbele ya wakulima mia tatu kidole kikiwa juu. Akakohoa. Akachukua simu, akampigia Natasha, akaweka simu mezani wote wasikie.

"Hiyo ripoti ni ya mafundi," sauti ya Natasha ikasema, ikitafuna kitu. "Ni ya kutusaidia sisi tukitafuta shida iko wapi. Hakuna mtu husoma mpaka ukurasa wa nne."

"Mama Jerop amesoma."

Kutafuna kukakoma. "Ukurasa wa nne?"

"Mpaka nukta ya mwisho," Linah akasema.

"Ngoja." Ilisikika akibonyezabonyeza. Kisha Natasha akamtaja Mungu kwa lugha ya mama yake. "Ilitakiwa kufichwa. Maneno yote yalitakiwa kufichwa. Na hiyo page inafunguka bila kuingia? Wueh." Akasoma kidogo tena. "Lakini boss, kwani hawa watu wako wameandika nini? Nyanya hajafa? Bata mzinga?"

"Si wewe ulisema tuandike kitu ambacho ni sisi tu na Mungu tunajua?"

"Nilimaanisha vitu kama jina la mbwa!"

Linah akasogelea simu, kwa kuwa hilo alilijua vizuri. "Natasha, mwanangu, jina la mbwa si siri. Mbwa wangu nikimwita, anasikika mpaka ng'ambo ya mto."

Natasha alisema Mlinzi huyohuyo analinda ofisi nyingine kumi na moja kutoka Njoro mpaka Gilgil, na kwamba angezima kitufe cha Msaada kote kabla ya saa sita. Kisha sauti yake ikabadilika. "Mathe, umetuokoa. Kama mtu mbaya angesoma kabla yako, saa hii tungekuwa tunalia. Jina lako kamili ni nani, niandike kwa ripoti ni nani aligundua?"

"Andika karani," Linah akasema. "Msimamizi usiandike."

Ijumaa ukumbi wa kanisa ulijaa. Shuka lilitundikwa lakini projekta ilibaki kwenye boksi. Bwana Ogola aliwaambia wanachama kwamba Mlinzi ana homa kidogo na anatibiwa. Kipngetich, aliyesimama mlangoni na koti lake, alisema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Pasta alifungua kwa maombi. Wakazungumza kuhusu chanjo, wakazungumza kuhusu barabara ya Sachangwan na lori linalochelewa. Kisha katibu akasoma: uthibitisho wa msimamizi wa kumbukumbu, Bi. Linah Cheptanui. Makofi yalianza. Linah alisimama, akainua mkono ili yakome.

"Wanachama," akasema, "kabla hamjapiga makofi. Miaka kumi na tisa iliyopita niliulizwa kama nimemaliza shule, nikasema nimemaliza. Nilikuwa nimemaliza kuifagia."

Kicheko kilianza upande wa kina mama kikasambaa mpaka nyuma. Linah alingoja mpaka kikapungua.

"Kusoma sikuwa nimemaliza. Niliachia darasa la sita. Sasa niko kidato cha tatu, masomo ya jioni. Nikisema naenda maombi, nilikuwa naenda aljebra. Nimemwomba Mungu msamaha, na leo nawaomba nyinyi. Hii kazi sheria inataka cheti, na mimi sina cheti."

Aliketi. Mama Nabalayo, mwenye ndama mmoja maarufu na ng'ombe wanne wasio maarufu, alisimama akajifunga shuka lake upya.

"Mimi nina swali moja tu. Mama Jerop, katika hiyo miaka yote, kilo zangu umewahi kukosea?"

"Mara moja, mwaka wa kwanza. Nilikuandikia nusu kilo zaidi. Nikakurudia asubuhi yake, nikaikata."

"Nakumbuka. Nilikuombea mabaya siku hiyo." Akaketi.

Mzee mmoja wa kamati alisema sheria ni sheria, na hakuna aliyeweza kumpinga, hata Linah. Walijadiliana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana kwamba Linah abaki karani kama alivyokuwa, na nafasi ya msimamizi isipewe mtu mwingine mpaka afanye mtihani wake wa kidato cha nne mwaka ujao. Akipita, ni yake. Asipopita, itatangazwa.

"Kwa hivyo kiti kitakaa wazi," Bwana Ogola akatangaza, "na hakuna atakayekikalia isipokuwa vumbi." Alitaka kuketi, lakini hakuketi. Alishika kingo za meza. Alimtazama Linah, kisha shuka jeupe lisilo na kitu. "Na kwa kuwa mama huyu ametangulia, mimi pia nina neno. Wanachama, mimi meneja wenu, naogopa ng'ombe. Sana."

"Tunajua, boss!" ukumbi mzima ukajibu.

Bwana Ogola akabaki mdomo wazi. "Mnajua?"

"Goti gani huuma tu kukiwa na ng'ombe?" sauti moja ikauliza, na kicheko cha safari hii kilitikisa madirisha. Mama Nabalayo alisema kwa utulivu kwamba ndama wake anamsalimia.

Pasta, machozi ya furaha yakimtoka, akainuka na kunyoosha mikono. "Ndugu zangu, roho ya ukweli iko katika nyumba hii leo. Je, yuko mwingine?"

Macho yake yalipita polepole juu ya viti. Mugure aliinua karatasi ya ajenda, akaisoma kwa makini ikiwa imepinduliwa juu chini. Jepchumba alitoa leso akapenga makamasi. Micah alikumbuka kwamba gurudumu la lori halikuwa na upepo, akatoka kwa hatua ndefu. Linah aliwaona wote watatu, akainamisha kichwa na kuwaombea kimyakimya, mmoja mmoja, kwa majina. Hayakuwa yake kuyasema.

Wiki iliyofuata Mugure aliomba ruhusa ya siku mbili, kuna msiba nyumbani. Bwana Ogola alimtazama kwa upole mkubwa. "Pole sana," akasema. "Na nyanya pia umpe pole." Mugure alirudi stoo bila kuchukua hata saa moja.

Siku hiyohiyo Natasha alikuja mwenyewe kutoka Nakuru, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na Mlinzi amepona. Alibonyeza Msaada mbele yao. Ilitokea namba ya simu tu. Wakapiga makofi. Kisha akawaambia kila mmoja achague neno jipya la siri. "Na tafadhali," akaongeza, "msiungame. Andikeni tu kitu ambacho hakuna mtu anajua."

Wenzake walimaliza haraka. Linah alibaki mbele ya kompyuta, vidole juu ya vibonyezo, akifikiri. Kitu ambacho hakuna mtu anajua. Shule, walijua. Aljebra, walijua. Hata kosa lake la nusu kilo lilikuwa limesemwa ukumbini. Alijipekua moyoni kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani, akafika chini kabisa, na hapakuwa na kitu. Aliandika jina la mbwa wake na namba mbili. Mlinzi akasema: Neno lako ni dhaifu.

"Mama Jerop, kwani umekwama?" Kipngetich aliuliza kutoka dirishani, alipokuwa ameegemea rungu lake akimchunga yule mwenzake.

"Sina siri hata moja," Linah akasema, na yeye mwenyewe akashangaa kusikia hivyo. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Si ungoje kidogo," Kipngetich akamshauri. "Itakuja tu. Kwa hii ofisi haikosi."

Linah alivaa miwani tena, akainamisha kichwa, akaomba kama kila siku, kwa Jerop, kwa ng'ombe, kwa kompyuta. Alipofika kwenye kompyuta alisita katikati, kisha akatabasamu: siri ilikuwa imekuja. Alivua kitambaa chake cha kichwani, akakitandaza juu ya vibonyezo, akaingiza mikono chini yake na kuandika taratibu, midomo ikitoa sauti ndogo ya nyuki, mara mbili.

Mlinzi akasema neno ni imara.

"Umeandika nini?" Kipngetich akauliza, shingo imeingia dirishani.

"Muulize Mlinzi."

"Mlinzi ni mimi," Kipngetich akasema kwa uchungu, na Linah akamwambia ndiyo maana hamwambii.